Nani Aliyemwua Rwagasore?

Katika vijiji vya Ngenge, upande wa Muleba, kama ilivyo kote katika nchi ya Bukoba, mazungumzo ya jioni hayaendi mbali kabla ya kufika kwenye vifo vya wakubwa. Huyu alitiwa sumu, yule alipigwa sindano, wa tatu ndege yake haikuanguka bure. Msemaji akibanwa atoe ushahidi, hujikinga kwa methali kwamba lisemwalo lipo. Sisi tulio katika kazi ya gazeti tumeudhika mara nyingi na habari za namna hiyo, maana huletwa mpaka mezani petu, na mletaji hukasirika tusipozipiga chapa. Walakini tuseme kweli: baadhi ya mambo ambayo wasomi waliyacheka kuwa porojo za vilabuni yameonekana baadaye kuwa na kweli ndani yake. Mfano mmoja uko karibu nasi sana, ng'ambo ya Ngara tu, nao ni habari ya Mwanamfalme Louis Rwagasore wa Burundi.

Rwagasore alizaliwa Gitega tarehe 10 Januari, 1932, mwana wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Alisomeshwa na mabruda wa Kikatoliki huko Astrida katika Ruanda, shule iliyowekwa kwa ajili ya watoto wa watawala, kisha akapelekwa Antwerp katika Ubelgiji. Yamkini Wabelgiji walitumaini kwamba kijana aliyelelewa hivyo angerudi kuwa mtumishi wao mtiifu. Aliporudi aliyatazama maduka. Akaona kwamba biashara ya nchi imo mikononi mwa Wabelgiji, Wagiriki na Waasia, na kwamba Mrundi huuza kwa bei ya mwingine na kununua kwa bei ya mwingine. Mwaka 1957 akaanza kuunda vyama vya ushirika. Jambo hilo halihitaji kufafanuliwa kwa mkulima wa kahawa wa Muleba, ambaye wazee wake waliandikisha chama chao kikuu cha ushirika cha Bukoba mwaka 1950 kwa sababu zile zile.

Ushirika wa Rwagasore haukustawi. Ulizama katika madeni, na Serikali ya Kibelgiji haikuwa na hamu ya kuuokoa. Ndipo alipoingia kabisa katika siasa, akawa kiongozi wa chama cha UPRONA, akidai uhuru na umoja wa Warundi wote, Wahutu na Watutsi, chini ya Mwami wao. Miongoni mwa watu wa kwanza kumwunga mkono walikuwa Waswahili wa Buyenzi, mtaa wa Usumbura, mji ambao leo ni Bujumbura: wafanya biashara wadogo, mafundi na madereva, wengi wao Waislamu, waliozungumza lugha hii tunayoiandika. Alifanya urafiki na Mwalimu Nyerere pia, na chama cha TANU kilikuwa kielelezo machoni pake. Mambo hayo yote mawili yaliandikwa katika daftari la makosa yake huko Usumbura.

Wabelgiji walikipendelea chama kingine, PDC, kilichoongozwa na Joseph Biroli na Jean-Baptiste Ntidendereza, wana wa mtemi Baranyanka. Ulipofika uchaguzi wa mitaa mwishoni mwa 1960, Rwagasore aliwekwa kizuizini, na PDC ikashinda. Lakini tarehe 18 Septemba, 1961, katika uchaguzi wa Bunge uliosimamiwa na Umoja wa Mataifa, UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Kabla ya mwezi ule kwisha Rwagasore alikuwa Waziri Mkuu.

Aliushika uwaziri kwa muda wa wiki mbili tu. Jioni ya tarehe 13 Oktoba, alipokuwa akila chakula na wenzake nje ya Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa, alipigwa risasi moja iliyotoka gizani. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Mpiga risasi alikamatwa upesi. Alikuwa Mgiriki, jina lake Jean Kageorgis, naye akawataja wakubwa wa PDC kuwa ndio waliomtuma. Kwa Wabelgiji shauri likawa limekwisha: wana wa koo mbili za kifalme wamegombana, Batare na Bezi, ugomvi wa mababu, na Mgiriki mmoja amekodiwa kufanya kazi chafu. Sokoni, Buyenzi na kwingineko, watu walisema mengine. Walisema kwamba mtu haweki mpango wa kumwua Waziri Mkuu pasipo kujua kwamba wenye nchi watafumba macho. Walikumbuka pia kwamba miezi tisa tu ilikuwa imepita tangu Lumumba auawe katika Katanga, tarehe 17 Januari, na kwamba wakubwa wa Katanga walitangaza kuwa wanakijiji ndio waliomwua alipokuwa akitoroka. Tangazo hilo lilikuwa uongo mtupu. Bunge la Ubelgiji lenyewe lilichunguza, na mwaka 2002 Serikali ya nchi hiyo ikaomba radhi kwa sehemu yake katika kifo kile.

Kageorgis alipigwa risasi tarehe 30 Juni, 1962, siku ya mwisho ya utawala wa Kibelgiji. Burundi ikapata uhuru kesho yake. Tunaona haraka ile si bure: shahidi aliyejua mengi kuliko wote hakuiona hata asubuhi moja ya Serikali mpya. Baada ya uhuru kesi ilisikilizwa upya, na tarehe 15 Januari, 1963, watu watano walinyongwa Gitega mbele ya umati, wakiwamo Biroli, Ntidendereza na mfanya biashara wa Kigiriki, Michel Iatrou.

Je, watu wa Buyenzi walisema kweli? Katika mwaka ule ule wa 1962 waendesha mashtaka wa Brussels waliwahoji maofisa wa Kibelgiji waliokuwa Usumbura. Majibu yao yakafungiwa makabatini. Yalipofikiwa na waandishi, akiwamo Mbelgiji Ludo De Witte, aliyeandika pia juu ya Lumumba na ambaye kitabu chake juu ya Rwagasore kilitoka mwaka 2021, ilionekana kwamba maofisa hao walieleza juu ya mkutano uliofanywa siku chache baada ya uchaguzi. Kwa mujibu wao, Roberto Régnier, mkuu wa utawala wa Kibelgiji katika Burundi, alitamka mbele ya wenzake kwamba Rwagasore hana budi kuuawa. Amri iliyotiwa sahihi na Brussels haimo. Basi wale wanaosimulia kana kwamba Mfalme wa Wabelgiji aliinunua bunduki wanaongeza chumvi, na wale waliosema kwamba ni ugomvi wa koo tu walificha nusu ya habari. Ugomvi ulikuwapo kweli. Mwenye nyumba aliuona moto, akauchochea.

Tuseme na upande wa pili, kwa maana si kila uvumi hufika mahakamani. Mwami Mutara Rudahigwa wa Ruanda alifariki ghafula mjini Usumbura tarehe 25 Julai, 1959, baada ya kutibiwa na daktari wa Kibelgiji, na mpaka leo wengi husema kwamba alipigwa sindano ya sumu. Maiti haikupasuliwa, kwa kuwa mama yake, Kankazi, alikataa. Hakuna ofisa aliyehojiwa akakiri, wala karatasi iliyofunguliwa. Anayesema kwamba ni sumu anakisia, hata kama anakisia kwa sauti kubwa. Kadhalika wapo wanaoshangaa kwamba Waziri Mkuu mwingine wa Burundi, Pierre Ngendandumwe, aliuawa tarehe 15 Januari, 1965, siku ile ile ya kumbukumbu ya watu wale watano wa Gitega. Wanaona mkono wa siri katika kalenda. Sisi tunaona Januari yenye siku 31.

Mwaka 2018 Serikali ya Burundi iliitaja Ubelgiji waziwazi kuwa mhusika wa kifo cha Rwagasore, ikatangaza kwamba itaunda tume ya kuchunguza. Yeye amezikwa juu ya kilima cha Vugizo, panapoonekana mji wote na ziwa ambalo kando yake alikula chakula chake cha mwisho. Warundi hukumbuka siku ile kila tarehe 13 Oktoba.