Maisha ya Robert Boyle na Saa Isiyosikika

Kila mwanafunzi wa sayansi hapa Njoro hukutana mapema na jina la Robert Boyle, maana kanuni yake ya hewa imo katika vitabu vya fizikia. Lakini walio wengi huijua kanuni tu, na mtu mwenyewe hawamjui. Tena ni wachache wanaojua ya kuwa jaribio la kengele ndani ya chombo cha kioo, ambalo mwalimu hulifanya kuonyesha kwamba sauti haipiti mahali pasipo hewa, lina deni kubwa kwake. Basi na tuyatazame maisha yake kwa kifupi.

Boyle alizaliwa tarehe 25 Januari, 1627, katika ngome ya Lismore, nchini Ireland. Baba yake, Earl wa Cork, alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa siku zile, na Robert alikuwa mtoto wake wa 14. Mama yake alifariki Robert akiwa na miaka mitatu tu. Alipotimiza miaka minane alipelekwa Uingereza kusoma katika shule ya Eton. Alikuwa na kigugumizi, na afya yake haikuwa ya nguvu. Hata hivyo alipenda vitabu kupita kiasi.

Mwaka 1639 alipelekwa ng'ambo pamoja na ndugu yake Francis na mwalimu wao. Walikaa Geneva, kisha wakaenda Italia. Boyle alikuwa katika mji wa Florence, akisoma habari za Galileo, wakati mzee yule alipokufa karibu na mji huo mwezi wa Januari, 1642. Lakini vita vilikuwa vimezuka Ireland, fedha kutoka nyumbani zikakatika, na mwaka 1643 baba yake akafa. Mwaka 1644 kijana huyo wa miaka 17 alirudi Uingereza, akakaa Stalbridge katika shamba alilorithi, na huko ndiko alikoanza majaribio yake.

Baadaye alihamia Oxford. Akasikia ya kuwa Mjerumani mmoja, Otto von Guericke wa Magdeburg, ametengeneza bomba la kuvuta hewa. Boyle akatamani kuwa na bomba lililo bora zaidi. Mali alikuwa nayo, lakini mikono ya ufundi ilikuwa ya mtu mwingine: Robert Hooke, kijana mtoto wa kasisi, ambaye alikuwa msaidizi wake. Mwaka 1659 bomba lao likawa tayari. Juu palikuwa na chombo kikubwa cha kioo ambacho mtu aliweza kutia vitu ndani yake, na chini palikuwa na silinda na pistoni iliyovutwa kwa kuzungusha mpini. Kazi ilikuwa ngumu, na hewa ilipenya na kurudi ndani mara kwa mara.

Zamani zile wataalamu walibishana kama sauti yahitaji hewa au haihitaji. Padre Athanasius Kircher wa Roma alikuwa ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1650 habari za kengele iliyowekwa mahali palipodhaniwa kuwa patupu, na bado ikasikika. Kwake yeye hiyo ilikuwa dalili kwamba mahali patupu kabisa hapapatikani.

Boyle hakutaka kumaliza ubishi kwa maneno. Alichukua saa ya mfukoni, akaitundika kwa uzi ndani ya kioo ili isiguse upande wowote, kisha hewa ikavutwa. Mlio wa saa ukafifia kidogo kidogo, hata wale waliotega masikio karibu na kioo wasiusikie tena. Je, saa ilisimama? La. Waliuona mshale wa sekunde ukitembea kama kawaida. Hewa ilipoachiliwa kuingia, mlio nao ukarudi. Basi likawa wazi jambo la pili vile vile: mwanga hupita mahali pasipo hewa, ijapokuwa sauti haipiti.

Lakini alijaribu pia kengele iliyofungwa kwenye kijiti kilichopindwa, ambacho ncha zake ziligusa kioo, na safari hii kengele ilisikika karibu kama mwanzo. Mtu mwingine angalificha jambo hili, maana lilionekana kuharibu hoja yake. Boyle aliliandika kitabuni pamoja na lile la saa. Leo twajua sababu: sauti husafiri hata katika vitu vigumu, na kijiti kiliipeleka mpaka kwenye kioo. Ndiyo maana darasani kengele hutundikwa kwa uzi laini au mpira.

Tena sisi tukaao chini ya Kilimanjaro tunao ushahidi mwingine karibu. Katika kilele cha Kibo, mita 5,895 juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani, na bado wapandaji huzungumza na kusikilizana. Kwa hiyo kupunguza hewa nusu hakutoshi kuinyamazisha kengele. Bomba likiwa bovu, mlio utabaki, na kosa si la kanuni.

Habari hizi Boyle alizitoa katika kitabu mwaka 1660. Wako waliompinga. Katika kuwajibu, mwaka 1662, alitoa kanuni ijulikanayo kwa jina lake: hewa ikibanwa mpaka ujazo wake uwe nusu, kanieneo yake huwa maradufu, maadamu joto halibadiliki. Mwaka huo huo wa 1660 alikuwa mmoja wa wale walioanzisha chama cha wanasayansi cha London kiitwacho Royal Society. Mwaka 1680 chama kilimchagua awe rais wake, lakini alikataa, kwa sababu dhamiri yake haikumruhusu kula viapo vilivyotakiwa.

Alikuwa mcha Mungu, na alitoa fedha zake ili Biblia ichapishwe kwa lugha ya Kiirish. Hakuoa. Tangu mwaka 1668 aliishi London nyumbani kwa dada yake Katherine, mwanamke mwenye elimu, aliyemsaidia sana. Mwaka 1670 alipatwa na ugonjwa wa kupooza, lakini hakuacha kazi. Dada yake alikufa tarehe 23 Desemba, 1691, naye akamfuata tarehe 31 ya mwezi uo huo.

Mwanafunzi anaweza kupata funzo hapa. Jaribio likikataa, ni rahisi kuandika daftarini jibu lililo kitabuni na kupata alama. Lakini afanyaye hivyo amejinyima elimu yenyewe, maana hatajua kamwe kama ni bomba lililovuja au ni kijiti kilichogusa kioo. Boyle aliandika alichokisikia, na pia alichokisikia asipotazamia kukisikia. Kwa ajili hiyo watu waliokuja baada yake waliweza kuendelea kutoka pale alipoishia.