Rudolph Ackermann

Rudolph Ackermann (Stollberg, Saksonia, 20 Aprili 1764 – Finchley, karibu na London, 30 Machi 1834) alikuwa mbunifu wa magari ya farasi, mchapishaji na mfanyabiashara Mjerumani aliyeishi Uingereza. Mafundi wa magari wanalijua jina lake kutokana na mfumo wa usukani unaoitwa wa Ackermann, ingawa si yeye aliyeubuni.

Maisha ya awali

Baba yake alikuwa mtengenezaji wa matandiko ya farasi. Rudolph alisoma shule ya Kilatini mjini Stollberg, lakini familia haikuwa na uwezo wa kumpeleka chuo kikuu, hivyo akajifunza kazi ya baba yake. Baadaye alijifunza kuchora na kuunda magari ya farasi, akafanya kazi Paris na kwingineko Ulaya, kisha akahamia London katika miaka ya 1780.

Kazi mjini London

Mwaka 1795 alifungua duka la picha na shule ya uchoraji katika mtaa wa Strand. Mwaka 1801 alipata hataza ya njia ya kuzuia maji yasipenye karatasi na nguo. Baada ya jemadari Nelson kuuawa katika vita vya Trafalgar mwaka 1805, Ackermann alibuni gari lililobeba jeneza lake kwenye mazishi. Kuanzia 1809 alichapisha gazeti la kila mwezi lenye picha za rangi kuhusu sanaa, mitindo na vifaa vya nyumbani. Alikuwa pia miongoni mwa watu wa kwanza kueneza uchapaji wa litografia Uingereza.

Baada ya vita vya Leipzig vya mwaka 1813, alisaidia kukusanya michango mikubwa kwa ajili ya Wajerumani waliopoteza mali na makazi.

Hataza ya mwaka 1818

Katika magari ya farasi ya zamani, ekseli nzima ya mbele iligeuka juu ya pini moja ya katikati. Gari likikata kona kali, magurudumu ya mbele yaliingia chini ya bodi na gari liliweza kupinduka. Georg Lankensperger, fundi wa magari ya farasi wa mfalme wa Bavaria mjini Munich, alibuni ekseli isiyogeuka: kila gurudumu la mbele liligeuka juu ya pini yake lenyewe. Ackermann, akiwa wakala wake, aliandikisha hataza nchini Uingereza mwaka 1818. Tangu hapo jina la wakala likasikika, na la mbunifu likasahauliwa na wengi.

Lankensperger naye alikuwa ametanguliwa. Daktari Mwingereza Erasmus Darwin alikuwa amefikiria mfumo kama huo miaka ya 1750, bila kuuandikishia hataza. Mwaka 1878 Mfaransa Charles Jeantaud aliuboresha. Gari la kwanza la Karl Benz, la mwaka 1886, lilikuwa na magurudumu matatu kwa sababu hakuwa bado na usukani wa kuridhisha wa magurudumu manne; alipata hataza ya usukani huo mwaka 1893.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Gari linapokata kona, gurudumu la ndani hufuata duara dogo kuliko la nje. Kwa hiyo gurudumu la ndani lazima lipinde zaidi. Yote mawili yakipinda sawasawa, mojawapo huburuzwa na tairi lake huisha haraka. Jambo hili huonekana wazi kwenye barabara zenye kona na miteremko, kama zile za kupanda Marangu na Rombo kutoka Moshi, ambako magari ya zamani hubeba ndizi, kahawa na abiria.

Usahihi wa mfumo hutegemea bushi, yaani vikombe vyembamba vya shaba au plastiki ngumu ambamo pini na shafti huzunguka. Katika boksi la usukani, bushi hushika shafti ya mkono unaosukuma vyuma vya kugeuzia magurudumu. Bushi zikilika, oili huvuja na usukani hulegea: dereva huuzungusha kidogo, lakini magurudumu hayageuki. Kukaza skrubu ya kurekebishia hakuponyi ulegevu huo. Kukizidi, usukani huwa mzito na meno ya ndani hulika.

Fundi anapofufua boksi, hupima kwanza shafti, kwa kuwa bushi mpya haisaidii shafti iliyolika. Bushi ya zamani hutolewa bila kukwaruza tundu, na mpya hushindiliwa ikiwa imenyooka, tundu lake la oili au grisi likilingana na la boksi. Zikiwa bushi mbili za shaba, huchongwa kwa pamoja ili matundu yawe kwenye mstari mmoja. Mwishowe shafti izunguke kwa mkono bila kukwama wala kucheza.

Kifo na kumbukumbu

Ackermann alipatwa na kiharusi mwaka 1830, akafariki miaka minne baadaye. Katika historia ya sanaa anakumbukwa kwa picha na vitabu alivyochapisha. Katika gereji anakumbukwa kwa kazi ya mtu mwingine, ndiyo maana baadhi ya vitabu vya Kijerumani huutaja mfumo huo pamoja na jina la Lankensperger.