Ilya Mechnikov na Askari wa Mwili

Kila mwanafunzi aliyesoma elimu ya viumbe anajua kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Lakini ni wachache wanaomjua mtu aliyeitambua kazi yao, na kwamba mtu huyo nusura afe kwa huzuni kabla ya kuitambua.

Ilya Mechnikov alizaliwa mwaka 1845 karibu na mji wa Kharkiv, katika nchi ya Ukraine, iliyokuwa chini ya Urusi. Tangu utoto alipenda kuchunguza wadudu na mimea. Masomo ya chuo kikuu ya miaka minne aliyamaliza kwa miwili, na baadaye akawa mwalimu wa chuo kikuu cha Odessa.

Mwaka 1869 alimwoa Ludmila, mgonjwa wa kifua kikuu. Siku ya harusi bibi arusi alikuwa dhaifu hata akabebwa kwa kiti mpaka kanisani. Mumewe alimuuguza miaka minne, lakini mwaka 1873 alifariki katika kisiwa cha Madeira. Mechnikov alikata tamaa, akajaribu kujiua, ila hakufa.

Alioa tena mwaka 1875. Mke wa pili, Olga, alishikwa na homa ya matumbo mwaka 1880, akapona. Lakini moyo wa mumewe ulikuwa umekwisha kuchoka. Mwaka 1881 alijitia damu ya mgonjwa wa homa ya vipindi. Homa hiyo ya chawa ni ndugu ya homa ya papasi, ambayo daktari Robert Koch aliichunguza katika nchi yetu mwaka 1905. Mechnikov aliugua vibaya sana. Alipopona, hamu ya kuishi ilimrudia.

Mwaka uliofuata alikwenda Messina, Italia. Siku moja, jamaa zake walipokwenda kutazama mchezo wa nyani, yeye alibaki na hadubini yake. Alichoma vitoto vya kiti cha pweza, vinavyopenya nuru, kwa miiba midogo ya bustanini. Asubuhi aliona chembe nyingi zimeizingira miiba, kama siafu wanavyomzingira panzi. Ndipo alipotambua kwamba mwili unao walinzi wanaowameza adui. Mwaka 1888 alihamia Paris, katika Taasisi ya Pasteur, na mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Uzeeni alikunywa maziwa ya mgando kila siku, akiamini yanarefusha maisha. Wazee wa miteremko ya Meru, waliozoea maziwa ya kibuyu, wasingemshangaa. Alifariki Paris mwaka 1916.

Je, homa ile ndiyo iliyomponya huzuni? Mtu mmoja si ushahidi, wala asiwepo wa kumwiga. Lakini wataalamu wa leo wamegundua kwamba askari wale hupeleka habari mpaka kwenye ubongo. Aliyepata malaria anajua: chakula hakitamaniki, mchezo hauna ladha, mtu hutaka kulala peke yake. Vita vya mwilini vikidumu, hali hiyo yaweza kugeuka sonona, yaani huzuni isiyoondoka. Wagonjwa wengi wa ini waliotibiwa kwa interferoni, dawa inayoamsha askari hao, walipatwa na sonona ingawa hawakufiwa na mtu. Hata hivyo si kila sonona hutokana na jambo hili. Msiba, upweke na dhiki navyo vina nguvu.

Basi tujifunze kwamba sonona si uvivu, wala si kurogwa, wala si aibu. Mwanafunzi anayeona moyo wake umezimika siku nyingi, au anayefikiri kujidhuru, amwambie leo mwalimu au mzazi, naye apelekwe hospitali kama angepelekwa kwa malaria. Na mwenzake asimcheke. Kama Mechnikov angalikufa mwaka 1873, kazi yote tuliyoisimulia hapa asingaliifanya.