George Adamson: Mzee wa simba aliyeilinda Kora hadi kifo

JUMAPILI ya Agosti 20, 1989, milio ya risasi ilisikika katika nyika ya Kora, kusini mwa Mto Tana, mbali kidogo na mji wa Garissa upande mto unakotoka. Mzee George Adamson, aliyekuwa na umri wa miaka 83, aliuawa hapo pamoja na wafanyakazi wake wawili. Alikuwa ametoka kambini kwa gari kwenda kumwokoa mgeni wake, aliyevamiwa na genge la watu wenye bunduki kwenye njia ya kuelekea uwanja mdogo wa ndege.

Ulimwengu ulimlilia kama bwana wa simba. Hata hivyo, kwa wakazi wa pande zote mbili za Mto Tana, jina lake lilihusu jambo jingine pia: ni nani mwenye haki ya kuutumia ukingo wa mto huo, na kwa shughuli gani.

Adamson alizaliwa Februari 3, 1906 nchini India. Alifika Kenya mwaka wa 1924 kufanya kazi katika shamba la kahawa la babake. Kilimo hakikumkaa moyoni. Alitafuta dhahabu, akafanya biashara ya mbuzi na kuwaongoza wawindaji, mpaka mwaka wa 1938 alipoajiriwa na Idara ya Wanyamapori. Alikabidhiwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyofahamika kwa kifupi kama NFD, eneo kubwa lililojumuisha Garissa. Makao yake yalikuwa Isiolo, lakini maisha yake yalikuwa safarini, kwa miguu na kwa ngamia, akiwasaka majangili na simba waliokula watu.

Ni mjini Garissa, wakati wa Krismasi ya mwaka wa 1942, alikokutana na Joy, mchoraji mzaliwa wa Austria. Walifunga ndoa mwaka wa 1944.

Februari 1956, akimsaka simba aliyemuua mtu, Adamson alishambuliwa na simba jike naye akampiga risasi. Baadaye iligunduliwa kwamba alikuwa mama wa watoto watatu. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi, na mmoja, Elsa, akabaki kwa Adamson na mkewe. Walimfunza kuwinda, wakamrejesha porini katika eneo la Meru, ambako alifariki mwaka wa 1961. Kitabu cha Joy kuhusu Elsa kilichochapishwa mwaka wa 1960, pamoja na filamu iliyofuata mwaka wa 1966, viliwafanya wawili hao kuwa mashuhuri duniani kote.

Baada ya kustaafu, Adamson aliendelea kuwarejesha simba porini huko Meru. Kazi hiyo iliingia doa mwaka wa 1969, simba wake aliyeitwa Boy alipomjeruhi mtoto. Alitakiwa kuondoka, na mwaka wa 1970 akahamia Kora, nyika ya mawe na vichaka vya miiba ambayo wengi waliiona haina faida. Huko alijenga Kampi ya Simba akisaidiwa na nduguye Terence, aliyechonga barabara kwa miaka mingi.

Kora haikuwa na hoteli za watalii wala magari yaliyojipanga kandokando ya mto. Adamson alitaka ibaki hivyo. Kwake, migunga na mikoma ya ukingoni ilikuwa uhai wa nyika nzima, kwa kuwa wakati wa kiangazi kila kiumbe hutegemea maji na kivuli cha hapo. Mwaka wa 1973 serikali iliitangaza Kora kuwa hifadhi, na mwaka wa 1976 Rahole, iliyo ng'ambo ya mto upande wa Garissa, ikatangazwa pia. Mwaka wa 1983, wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao kutoka Uingereza walifanya uchunguzi Kora na kuorodhesha mimea na wanyama wake.

Lakini tangazo la serikali halikuleta mvua. Ukame ulipozidi, wafugaji walivuka mto na ngamia, ng'ombe na mbuzi wao, wakikata matawi ya miti kuwalisha. Kwa Adamson, huo ulikuwa uharibifu wa hifadhi. Kwa mfugaji ambaye mifugo yake ilikuwa ikifa, ukingo wa Tana ulikuwa kimbilio la mwisho. Mara kwa mara askari walitumwa kuwaondoa, na mara kwa mara mifugo ilirejea. Pamoja nao, ingawa si wamoja nao, walikuja majangili wenye bunduki, wakawamaliza vifaru na kuwapunguza sana ndovu.

Lawama nyingine zilihusu simba wenyewe. Mwaka wa 1971, Boy alimuua msaidizi wa Adamson, na mzee akalazimika kumpiga risasi mnyama aliyempenda. Mwaka wa 1980, Joy aliuawa katika Hifadhi ya Shaba. Mwaka huo huo Terence alijeruhiwa na simba, na serikali ikasimamisha mpango wa kuleta simba wapya. Terence alifariki mwaka wa 1986.

Marafiki walimsihi Adamson aondoke kwa ajili ya usalama wake. Alikataa, akiamini kwamba akihama Kora itabaki bila mtetezi. Julai 1989, Rais Daniel arap Moi aliteketeza tani 12 za pembe za ndovu jijini Nairobi. Mwezi mmoja baadaye Adamson alikuwa maiti.

Alizikwa Kora kando ya nduguye. Mwaka wa 1990, eneo hilo lenye ukubwa wa kilomita 1,787 mraba lilipandishwa hadhi kuwa mbuga ya taifa, ulinzi alioupigania kwa takriban miaka 20.

Hata hivyo, mgogoro aliouacha haukuzikwa naye. Mvua zinapokosekana, wafugaji bado huutazama ukingo wa Tana kwa matumaini yale yale, na walinzi wa mbuga kwa hofu ile ile. Adamson alithibitisha kwamba mtu mmoja mwenye subira anaweza kuiokoa nyika iliyodharauliwa. Jinsi ya kuilinda bila kumnyima maji jirani yake ni swali ambalo hakulipatia jibu.