Sandow: Jamaa aliyegeuza misuli kuwa biashara

Kama unapenda kunyanyua vyuma, ukimaliza unasimama mbele ya kioo, unakaza mkono na kupiga picha ya kuposti, basi kuna mzee mmoja unayefaa kumjua. Alikufa 1925, lakini huo mtindo wako yeye aliutajirikia kabla babu yako hajazaliwa.

Jina lake halisi lilikuwa Friedrich Wilhelm Müller. Alizaliwa Aprili 2, 1867, mjini Königsberg katika ufalme wa Prussia. Leo mji huo ni Kaliningrad, Urusi. Alipotimiza miaka 18 aliondoka kwao akikwepa kuandikishwa jeshini, akawa anazurura Ulaya akifanya kazi za sarakasi. Huko ndiko alikojibatiza jina jipya: Eugen Sandow.

Bahati yake ilimwangukia Brussels, Ubelgiji. Alikutana na Louis Durlacher, mwalimu wa mazoezi aliyejiita Profesa Attila jukwaani. Enzi hizo watu wengi walitumia dambeli nyepesi, nyingine za mbao kabisa, za kunyoosha viungo tu. Attila hakutaka mchezo huo. Alimfunza kijana wake kubeba vyuma vizito na kuongeza uzani kidogo kidogo. Vyuma virefu vya wakati huo vilikuwa na mpira mkubwa wa chuma kila upande. Baadhi ya mipira hiyo ilikuwa na uwazi ndani, unajaza mchanga au vipande vya risasi kulingana na nguvu zako. Hizo ndizo nyanya za vyuma vyako vya leo, hata vile vya mtaani vya mikebe iliyojazwa simiti.

Mwaka wa 1889, Attila alimleta London. Kulikuwa na mbabe mmoja, Charles Sampson, aliyekuwa akitamba jukwaani kwamba atakayemshinda yeye na mwanafunzi wake Cyclops atapewa pesa. Sandow akajitokeza kutoka kwa watazamaji akiwa amevaa suti ya jioni, safi kama bwana harusi. Watu wakacheka. Alipovua suti, kicheko kikakatika. Alimshinda Cyclops, kisha akamshinda Sampson mwenyewe, na jina lake likajaa magazetini.

Lakini ngoja, hapo alikuwa bado mnyanyua uzani tu kama wengine. Mambo yalibadilika 1893 alipofika Chicago, Marekani, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia. Meneja wake, Florenz Ziegfeld, alikuwa na jicho la biashara. Aligundua kwamba watu hawakuwa wakitazama sana chuma kilichoinuliwa. Walikuwa wakitazama mkono ulioinua. Basi akamwambia Sandow apunguze kubeba na aongeze kujionyesha. Jamaa akawa anajipaka unga mweupe afanane na sanamu za marumaru za Wagiriki wa kale, anasimama kimya huku akikaza msuli mmoja baada ya mwingine. Baada ya onyesho, matajiri walichangia hisani ili waruhusiwe kumgusa misuli.

Picha zake ziliuzwa kama njugu. Machi 1894 alisimama mbele ya kamera ya filamu katika studio ya Thomas Edison huko New Jersey. Hiyo ni mojawapo ya filamu za mwanzo kabisa duniani, na ndani yake kuna nini? Mwanamume anatunisha misuli.

Aliporudi London, alifungua chuo cha mazoezi mwaka wa 1897, akaanzisha gazeti lake, akaandika vitabu. Kitabu chake cha 1904 kilibeba kichwani neno la Kiingereza ambalo wanamichezo wa kutunisha misuli bado wanalitumia hadi leo. Pia aliuza vifaa kwa njia ya posta. Kilichovuma zaidi ni dambeli iliyopasuliwa katikati kwa urefu, na kati ya vipande hivyo viwili kukawekwa springi. Kazi yako ni kuibana muda wote unapofanya zoezi, akili yako yote ikiwa kwenye msuli. Ukizoea, unaongeza springi nyingine.

Hapo ndipo unapofaa kumtazama Sandow kwa macho mawili. Wazo lenyewe lilikuwa zuri: karani wa ofisini anayeshinda kitini angeweza kujijenga chumbani mwake bila jimu. Maelfu walifaidika. Lakini mwili uliokuwa kwenye tangazo haukujengwa kwa dambeli ya springi. Ulijengwa kwa vyuma vizito vya Attila na miaka mingi ya jasho. Mnunuzi aliuziwa kifaa chepesi kwa picha ya mtu wa vyuma vizito.

Hata hivyo, tusimnyime haki yake. Septemba 14, 1901, aliandaa shindano kubwa la miili katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Yeye alikuwa mwamuzi, pamoja na mchongaji sanamu Charles Lawes na Arthur Conan Doyle, yule mwandishi wa Sherlock Holmes. Ukubwa pekee haukutosha. Walitazama pia kama mwili una uwiano, afya ya mtu kwa jumla, na hata hali ya ngozi. Mshindi, William Murray kutoka Nottingham, alipewa sanamu ndogo ya Sandow.

Mwaka wa 1911 aliteuliwa kuwa mwalimu wa mazoezi wa Mfalme George wa Tano. Akaingia pia biashara ya kakao, akiiuza kama kinywaji cha afya na nguvu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, Waingereza waliwatazama kwa chuki wote wenye asili ya Kijerumani, na kampuni hiyo ikaanguka.

Alifariki Oktoba 14, 1925, akiwa na miaka 58, baada ya mshipa wa damu kupasuka. Mkewe, Blanche, alikataa kaburi liwekewe jiwe. Kwa zaidi ya miaka 70, mwanamume aliyepigwa picha kuliko wengi wa enzi zake alilala Putney Vale bila hata jina juu yake.

Leo bingwa wa Mr. Olympia huinua sanamu ya Sandow. Nawe ukiona jamaa mwenye kifua cha kutisha akikuuzia unga wa kujenga mwili mtandaoni, usikimbilie kutuma pesa. Muulize kwanza: wewe mwenyewe ulibeba nini, na kwa miaka mingapi?