Roald Dahl: Kutoka Dar es Salaam Hadi Vita vya Angani

Miongoni mwetu tuliopita katika shule hii wapo wapenzi wa ndege, na miongoni mwa vijana walioko madarasani sasa wapo wanaosimamisha jembe kila ndege ipitapo juu ya milima ya Ileje. Mpenzi wa ndege akijaliwa kufika Uingereza, hana budi kuzuru Makumbusho ya Jeshi la Anga huko Hendon, London, yaliyofunguliwa mwaka 1972. Humo ataiona Hurricane, ndege mashuhuri ya Vita Kuu ya Pili. Akifika Old Warden, nje ya London, ataiona Gladiator, ndege ya zamani zaidi, yenye mabawa ya juu na ya chini, iliyotunzwa hata ikaweza kuruka tena. Ndege za aina hizo zote mbili zilirushwa vitani na kijana aliyetokea Dar es Salaam, Roald Dahl.

Dahl alizaliwa tarehe 13 Septemba 1916 huko Llandaff, Wales, wazazi wake wakiwa Wanorwe. Hakwenda chuo kikuu. Mwaka 1934 aliajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell, na mwaka 1938 akaletwa Tanganyika. Alikaa Dar es Salaam, akajifunza Kiswahili, na akasafiri kwa gari kuwatembelea wateja wa kampuni katika mashamba na migodi. Vita vilipozuka Septemba 1939, alipewa askari wa King's African Rifles awaongoze kuwazuia Wajerumani waliotaka kutoroka kwa njia ya kusini.

Novemba mwaka huo aliendesha gari hadi Nairobi kujiunga na Jeshi la Anga. Alikuwa na urefu wa futi sita na inchi sita, hata kichwa chake kikawa kinachomoza juu ya kioo cha Tiger Moth, ndege ndogo ya kufundishia, akapata taabu ya kuvuta pumzi. Hata hivyo, baada ya saa 7 na dakika 40 tu za mafunzo aliirusha peke yake. Kwa maelezo yake mwenyewe, walikuwa wanafunzi 16, na 13 kati yao waliuawa vitani. Kutoka Nairobi alipelekwa Habbaniya, Iraki, kumalizia mafunzo.

Tarehe 19 Septemba 1940 aliamriwa kupeleka Gladiator kwa Kikosi cha 80 katika jangwa la Misri. Ndege hiyo ilikuwa na kiti kimoja, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya mwalimu, naye hakuwa amewahi kuirusha kabla ya hapo. Kwenye kituo cha mwisho cha kutia mafuta alielezwa kilipo kikosi hicho, akafuata maelezo sawasawa. Alipofika hakuona kitu ila mchanga. Giza likaingia na mafuta yakakaribia kwisha, akalazimika kutua jangwani. Ndege iligonga mwamba ikawaka moto. Fuvu la kichwa lilipasuka, pua ikapondeka, na kwa muda akawa haoni. Alijikokota hadi nje, askari wa Kiingereza wakamwokoa. Uchunguzi ulionyesha kwamba mahali alipoelekezwa palikuwa pasipo: ni eneo lililokuwa kati ya majeshi ya Waingereza na ya Waitalia.

Baada ya miezi kadhaa hospitalini Alexandria alirudi kazini, na Aprili 1941 akarusha Hurricane kwenda Ugiriki. Tarehe 20 mwezi huo alipigana juu ya Athens, Hurricane chache zikikabili kundi kubwa la ndege za Kijerumani. Siku hiyo aliuawa Pat Pattle, rubani hodari mzaliwa wa Afrika Kusini. Dahl alinusurika, lakini maumivu ya kichwa yaliyotokana na ile ajali yalimzuia kuendelea kuruka.

Mwaka 1942 alipelekwa Washington kufanya kazi katika ubalozi. Huko aliandika habari ya ajali yake, ikachapishwa katika gazeti la Kimarekani, nayo ikawaambia wasomaji kwamba alitunguliwa na adui. Ndiyo iliyomfungulia mlango wa uandishi, akawa mmoja wa waandishi wa watoto wanaosomwa sana duniani. Lakini katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1986, alieleza bayana kwamba hakutunguliwa na mtu. Hakuwa mtu asiye na doa: mwaka 2020 jamaa zake waliomba radhi kwa maneno ya chuki aliyoyasema juu ya Wayahudi. Alifariki tarehe 23 Novemba 1990.

Wengi wetu tuliotoka shule hii tunafanya kazi za kalamu, na vijana wengi watatufuata huko. Yafaa tukumbuke kwamba kilichoiangusha Gladiator ile hakikuwa risasi, bali maelekezo mabaya yaliyotolewa na mtu aliyekuwa salama chini. Tena habari isiyo kweli ilipokwisha kuchapishwa, ilidumu miaka mingi kabla mwenyewe hajaiweka sawa. Kijana anayetamani urubani na asome hesabu na jiografia kwa bidii. Naye atakayekaa ofisini na ahakikishe alichoandika kabla hajakitia sahihi, kwa maana yuko mtu mahali fulani atakayekifuata.