Odera Oruka: Msomi aliyeitafuta falsafa katika maboma ya wazee

KIJANA atokaye Ikonge, Kaunti ya Nyamira, na kujiunga na chuo kikuu kusomea falsafa hukutana na majina ya Kierkegaard, Heidegger na Sartre. Hufundishwa udhanaishi, yaani falsafa inayoshikilia kwamba binadamu hazaliwi na maana iliyokwisha kuandikwa, bali huijenga mwenyewe kwa maamuzi yake. Anaporejea nyumbani likizoni, ni rahisi kudhani kwamba maswali hayo mazito ameyaacha maktabani, na kwamba mzee aliyeketi kivulini nje ya boma hana la kuongeza.

Msomi aliyetumia maisha yake kuikanusha dhana hiyo ni Profesa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa Mkenya aliyefariki mwaka 1995.

Oruka alizaliwa Juni 1, 1944 huko Ugenya, katika eneo ambalo sasa limo Kaunti ya Siaya. Mwaka huo huo, katika kisiwa cha Ukerewe upande wa Tanzania, alizaliwa Euphrase Kezilahabi, ambaye baadaye aliuingiza udhanaishi katika riwaya ya Kiswahili. Wote wawili walisumbuliwa na swali la iwapo mtu anaweza kuwaza kwa nafsi yake ndani ya jamii inayomtaka awaze kama wenzake. Kezilahabi alilishughulikia kupitia wahusika wa kubuni, kama katika Kichwamaji, riwaya iliyotoka mwaka 1974. Oruka naye aliamua kuwaendea watu walio hai.

Hata hivyo, falsafa haikuwa shabaha yake ya kwanza. Alikwenda Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Uswidi kusomea sayansi, na huko akavutwa na mafundisho ya Ingemar Hedenius, mwanafalsafa aliyejulikana kwa kuihoji dini bila kuoneana haya na mtu. Baadaye aliendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Wayne State, jijini Detroit, Marekani. Utafiti wake wa uzamifu ulihusu dhana ya uhuru.

Mwaka 1970 alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Wakati huo falsafa na masomo ya dini yalikuwa katika idara moja, na wengi wa wanafalsafa waliosomwa walikuwa wazungu. Kuhusu Mwafrika, vitabu vilivyotamba vilikuwa vya aina ya kile cha Placide Tempels, padri Mbelgiji aliyeandika kuhusu fikra za Wabantu wa Kongo mnamo miaka ya 1940. Katika maandishi ya namna hiyo, kabila zima huonekana likiwaza kwa kichwa kimoja.

Oruka aliukataa mtazamo huo. Kwake, imani ya kundi si falsafa, kwa kuwa falsafa huanza pale mtu mmoja anaposimama na kuuliza sababu. Lakini pia hakukubaliana na waliodai kwamba pasipo maandishi hapawezi kuwa na mwanafalsafa. Ndipo, katikati ya miaka ya 1970, yeye na wenzake wakaanza kuwatembelea wazee wa jamii mbalimbali nchini na kuhojiana nao kwa kina.

Aliwagawa wenye hekima katika mafungu mawili. Kuna wanaozijua mila na methali za watu wao na kuzieleza barabara, na kuna wanaozijua kisha wakazipima kwa akili zao, hata kuzipinga inapobidi. Hao wa pili ndio aliowaita wanafalsafa. Miongoni mwa waliohojiwa ni baba yake mzazi, Oruka Rang'inya, aliyemwona Mungu kuwa ni wazo la wema wenyewe wala si kiumbe mfano wa mtu. Mwingine ni Njeru wa Kanyenje, kutoka sehemu za Embu, ambaye hakuikubali dini kabisa. Fikra za mzee huyo zilitia doa madai kwamba kila Mwafrika huzaliwa mcha Mungu. Matokeo ya utafiti huo yalichapishwa mwaka 1990 katika kitabu kuhusu falsafa ya wenye hekima.

Kuhusu uhuru, Oruka alitofautiana na Sartre. Mfaransa huyo alimbebesha kila mtu jukumu zima la matendo yake. Oruka aliona kwamba mwenye njaa hana uhuru wa maana, na kwamba usalama wa mwili, chakula na afya ni haki ya chini kabisa ambayo kila binadamu anaidai kwa wenzake. Katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu adhabu, alisema kwamba uhalifu una mizizi katika jamii, hivyo kumwadhibu mhalifu hakuitibu jamii hiyo.

Mtihani mkubwa ulimfika mwaka 1987. Wakili S. M. Otieno alikuwa amefariki Desemba 1986, na mjane wake, Wambui, akataka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ulisisitiza azikwe Nyalgunga, Siaya. Oruka aliitwa kortini kama mtaalamu kueleza mila za Waluo, upande wa ukoo. Swali lililokuwa mbele ya majaji lilikuwa lile lile la vitabuni: je, mtu ni mali ya maamuzi yake au ya ukoo wake? Ukoo ulishinda, na Otieno akazikwa Nyalgunga mwezi Mei mwaka huo. Waliokuwa wakimjua Oruka kama mtetezi wa wenye kuzihoji mila walibaki na la kujiuliza.

Mnamo Julai 1991 aliongoza maandalizi ya kongamano la kimataifa la falsafa jijini Nairobi, lililojadili binadamu na mazingira. Desemba 9, 1995, aligongwa na gari akivuka barabara jijini Nairobi, akafariki akiwa na umri wa miaka 51.

Alichoacha ni kipimo ambacho kijana wa Ikonge anaweza kukitumia hata leo. Abagusii humkumbuka Sakawa, anayesifika kwa kutabiri ujio wa wazungu. Kwa kipimo cha Oruka, utabiri peke yake si falsafa. Mwanafalsafa angekuwa yule mzee aliyeusikia utabiri huo, akauliza umejuliwaje, kisha akaamua mwenyewe la kufanya. Mzee wa namna hiyo anaweza kuwa yupo bado, na kumtafuta ni kazi ya mwanafunzi sawa na kumsoma Sartre.